Ulinzi wa meli na bandari kisheria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwenye riziki bandarini ameshakutana na sheria hizi, ziitwazo ISPS, hata kama hajawahi kusikia jina hilo. Ndizo zinazomfanya mlinzi wa geti adai kitambulisho, ndizo zilizoweka kitabu cha wageni juu ya ngazi ya meli, na ndizo zinazoweza kuiacha meli nzima nangani kwa sababu ya karatasi iliyopitwa na wakati. Majibu haya ni ya mabaharia, mawakala wa meli na forodha, madereva wa malori, wafanyakazi wa gatini na jamaa zao. Sheria hii inaagiza, lakini pia inaweka mipaka kwa wanaoagiza, na upande huo wa pili hausemwi vya kutosha. Ndiyo maana nimeona niuandike.

ISPS ni nini, na ilitokea wapi?

Ni Kanuni ya Kimataifa ya Ulinzi wa Meli na Vituo vya Bandari. Nchi zilizomo katika SOLAS, mkataba wa 1974 wa usalama wa maisha baharini, ziliipitisha London tarehe 12 Desemba 2002, chini ya Shirika la Bahari Duniani (IMO), na ikaanza kutumika 1 Julai 2004. Haisimami peke yake: imebebwa na sura ya XI-2 ya SOLAS, kwa hiyo nchi iliyomo ndani ya SOLAS haina pa kuikwepea.

Wengi huihusisha na mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, na kweli ndiyo yaliyoharakisha mambo. Lakini bahari ilikuwa imeshatoa onyo, tena si mbali na kwetu. Oktoba 2000 boti ndogo iliyosheheni vilipuzi iliilipua manowari ya Marekani, USS Cole, ikiwa bandarini Aden, Yemen, na mabaharia 17 wakafa. Oktoba 2002 meli ya mafuta ya Kifaransa, Limburg, ilishambuliwa kwa mtindo uleule katika pwani ya Yemen. Miezi miwili baadaye wajumbe walikuwa mezani London.

Kabla ya hapo sheria ya kimataifa ilijishughulisha zaidi na kuadhibu. Meli ya abiria Achille Lauro ilipotekwa Oktoba 1985 karibu na Misri na abiria mmoja kuuawa, dunia ilijibu kwa mkataba wa SUA uliosainiwa Roma mwaka 1988, unaozitaka nchi zimshtaki au zimkabidhi mtu anayeteka au kuharibu meli. SUA inamsubiri mhalifu atende. ISPS inataka asipate nafasi ya kutenda.

Kanuni ina sehemu mbili. Sehemu A ni lazima. Sehemu B ni mwongozo, ila Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 725 ya 2004, uliyafanya mengi ya Sehemu B kuwa lazima kwa bandari zake na kwa meli zenye bendera za nchi zake. Baharia aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam akifika Rotterdam asishangae akiona mambo yamekazwa zaidi.

Nina jahazi. Je, hii inanihusu?

Kwa kawaida hapana. ISPS inahusu meli zinazosafiri kati ya nchi na nchi: meli za abiria, zikiwemo boti za kasi, meli za mizigo zenye ujazo wa tani 500 (GT 500) na zaidi, na mitambo ya kuchimba mafuta baharini inayojiendesha. Inahusu pia vituo vya bandari vinavyozihudumia. Manowari, na meli za serikali zisizofanya biashara, hazimo. Vyombo vya uvuvi, vyombo vya matanga tupu na vyombo vya mbao vya kienyeji viko nje ya SOLAS yenyewe.

Angalieni hapo kwenye abiria. Meli ya injini inayobeba abiria zaidi ya 12 kutoka nchi moja kwenda nyingine inahesabika kuwa meli ya abiria, na kile kiwango cha GT 500 hakiangaliwi tena. Mtu akianzisha safari za boti ya kisasa ya abiria kati ya Pemba na Mombasa, asije akajitetea kwamba boti yake ni ndogo.

Boti za Dar es Salaam na Unguja ni jambo jingine. Safari hiyo ni ya ndani ya Jamhuri ya Muungano, kwa hiyo ISPS haiilazimishi. Hata hivyo serikali yoyote inaruhusiwa kuongeza masharti kwa safari za ndani, na mimi naona ingefaa kufanya hivyo popote abiria wanapojazana kwa mamia kila siku. Mtu mwenye nia mbaya haulizi kama safari ni ya kimataifa.

Kuwa nje ya ISPS hakumpi mwenye jahazi ruhusa ya kusogelea anapotaka. Akifika kwenye kituo chenye mpango wa ulinzi ataufuata, na meli kubwa inayotaka kupakuliana mizigo naye ina haki ya kumdai saini kwenye tamko la ulinzi, karatasi nitakayoieleza hapa chini.

Ngazi ya 1, ya 2 na ya 3 maana yake nini?

Ngazi ya 1 ni ya siku zote: ulinzi wa chini kabisa ambao haushushwi hata kama hakuna tetesi yoyote. Ngazi ya 2 inawekwa kwa muda, hatari inapoongezeka. Doria zinazidi, wageni wanapunguzwa, mizigo na vifurushi vinachunguzwa zaidi, na upande wa meli unaotazama bahari unalindwa kwa makini. Ngazi ya 3 ni ya muda mfupi, pale shambulio linapotarajiwa au liko mlangoni, hata kama haijajulikana litampata nani. Hapo shughuli zinaweza kusimamishwa, watu wakaondolewa, na meli ikafuata maelekezo ya vyombo vya dola vinavyoshughulikia tukio.

Nani anaamua ngazi? Nahodha, bandari au serikali?

Serikali. Nchi iliyosajili meli inaweka ngazi ya meli zake popote zilipo, na nchi yenye bandari inaweka ya vituo vyake. Tanzania Bara msimamizi wa mambo haya ni Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya ni Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA.

Meli hairuhusiwi kukaa ngazi ya chini kuliko bandari iliyomo. Bandari ikiwa ngazi ya 2, meli iliyokuja na ngazi ya 1 itapanda. Kinyume chake kinakubalika: meli inaweza kuwa juu kuliko bandari, na ikiwa hivyo maafisa wa pande mbili wanakaa na kuandikiana tamko la ulinzi, yaani karatasi inayosema nani atafanya nini. Nani atalinda ngazi ya kupandia meli, nani atakagua vifurushi, nani atatazama upande wa maji. Tamko hilo meli inaweza kulidai pia ikiwa imetia nanga mahali pasipo na mpango ulioidhinishwa, au kumekuwa na tukio au tishio.

Juu ya yote hayo, sheria inampa nahodha neno la mwisho kuhusu usalama wa chombo chake. Kanuni ya 8 ya sura ya XI-2 inasema mwenye meli, mkodishaji au mtu mwingine yeyote asimzuie nahodha kuchukua uamuzi anaouona wa lazima kwa usalama na ulinzi wa meli. Anaweza kumkatalia mtu kupanda, isipokuwa maofisa wa serikali waliojitambulisha ipasavyo, na anaweza kukataa kupakia mzigo. Ulinzi ukigongana na usalama, kwa mfano mlango uliofungwa kwa ajili ya wezi ambao moto ukizuka utakuwa njia ya kutorokea, usalama wa watu unatangulia.

Ni maafisa gani ninaopaswa kuwajua?

Watatu. Afisa ulinzi wa meli yuko melini na anawajibika kwa nahodha. Kwenye meli nyingi ni mmoja wa maofisa wa sitaha anayebeba kazi hiyo pamoja na zamu zake. Afisa ulinzi wa kampuni yuko ofisini kwa mwenye meli. Afisa ulinzi wa kituo cha bandari yuko nchi kavu, na ndiye wa kumtafuta kama una tatizo la geti, la kibali au la baharia aliyezuiwa kushuka. Mawakala wengi wanayo namba ya kapteni wa bandari lakini hawana ya huyu. Iombeni mapema.

Bandari ikiendeshwa na kampuni binafsi, ulinzi ni wa nani?

Swali hili limeulizwa sana Tanzania tangu mikataba ya gati za Dar es Salaam iliyosainiwa na kampuni ya DP World ya Dubai Oktoba 2023. Sheria iko wazi kuliko mijadala yetu. Mwendeshaji anaweza kuajiri walinzi, kununua kamera, kuandaa tathmini na mpango, hata kuajiri kampuni ya wataalamu imsaidie. Lakini Sehemu A, kifungu cha 4, inataja mambo ambayo serikali haiwezi kuyakabidhi kwa taasisi binafsi ya ulinzi: kuweka ngazi ya ulinzi, kuidhinisha tathmini na mpango wa kituo, kuamua vituo vipi viwe na afisa ulinzi, kuzikagua na kuzichukulia hatua meli, na kuweka masharti ya tamko la ulinzi.

Mlinzi wa geti anaweza kuwa amevaa sare ya kampuni yoyote. Mpango anaoutekeleza lazima uwe na muhuri wa serikali, na ukiwa na kasoro, serikali haiwezi kusema haikuhusika.

Meli inatakiwa kuwa na hati gani?

Kubwa ni Cheti cha Kimataifa cha Ulinzi wa Meli. Hudumu kwa muda usiozidi miaka 5, na kati ya mwaka wa pili na wa tatu lazima meli ihakikiwe tena. Meli mpya, iliyobadili bendera au iliyobadili kampuni hupewa cheti cha muda kisichozidi miezi 6. Pia kuna kumbukumbu endelevu ya meli, inayoonyesha majina, bendera na wamiliki wake tangu ilipoanza kuwekewa kumbukumbu hizo, na namba ya IMO ambayo lazima iandikwe kwenye chombo chenyewe kwa namna isiyofutika kirahisi. Jina la meli hubadilishwa kwa rangi siku moja. Ile namba haibadiliki hadi meli inapokatwa vyuma chakavu.

Mpango wa ulinzi wa meli huandikwa kwa lugha ya kazi ya melini, na kama lugha hiyo si Kiingereza, Kifaransa wala Kihispania, huambatanishwa tafsiri ya mojawapo. Ni siri. Mkaguzi wa bandari hana haki ya kuusoma kwa kawaida, anaangalia cheti. Akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba meli haitimizi masharti, anaweza kuonyeshwa sehemu zinazohusika tu, kwa ridhaa ya nahodha au ya nchi ya bendera. Zipo sehemu nyeti ambazo hata nahodha hawezi kuziachia bila nchi ya bendera kukubali. Ofisa kijana wa zamu akidaiwa faili zima na mtu mwenye kitambulisho shingoni asilitoe. Amwite nahodha.

Kwa nini meli huulizwa bandari kumi zilizopita?

Kwa sababu ulinzi wa meli hauwezi kuzidi ule wa mahali ilikolala. Kabla ya kuingia, nchi inaweza kudai taarifa: cheti kipo na kimetolewa na nani, meli iko ngazi gani sasa, ilikuwa ngazi gani katika vituo 10 vilivyopita, na ilichukua hatua gani za ziada huko. Marekani inataka taarifa ya kuwasili saa 96 kabla, Ulaya kwa kawaida saa 24. Walinzi wa Pwani wa Marekani hutembelea bandari za nchi nyingine na kutangaza zile wasizoridhika nazo, na meli zilizopita huko hukuta masharti ya ziada zikifika kwao.

Uzembe wa geti moja la bandari yetu, basi, unaweza kulipiwa na meli iliyo upande wa pili wa dunia, na mwenye meli akilipishwa hivyo mara mbili ataanza kuihesabu bandari yetu kuwa ghali. Hiyo ni hasara isiyoonekana kwenye risiti yoyote.

Bandari inaweza kuizuia au kuikataa meli kwa sababu za ulinzi?

Inaweza. Inaweza kuikagua, kuichelewesha, kuizuia, kuipunguzia shughuli, kuihamisha ndani ya bandari, kuifukuza, au kuikatalia kuingia. Lakini kuna masharti. Kuwe na sababu za msingi, hatua iwe sawia na kosa, na nchi ya bendera ijulishwe. Meli iliyo bado baharini inaelezwa nia ya bandari kabla hatua haijachukuliwa, na nahodha ana haki ya kughairi safari ya kuingia. Meli iliyozuiwa au kucheleweshwa pasipo haki inastahili fidia. Na hata ikizuiwa, haikatazwi kufikiwa kwa dharura au kwa sababu za kibinadamu: baharia mgonjwa anatolewa, mambo ya karatasi baadaye.

Mimi ni baharia. Bandari imenikatalia kushuka, ikasema ni "mambo ya ISPS". Ni halali?

Nataka kulijibu hili kwa urefu, kwa sababu ndilo linalowaumiza watu na ndilo linalopotoshwa zaidi.

Walioandika ISPS waliliona tatizo hili mapema. Utangulizi wake unawakumbusha watekelezaji kwamba mabaharia huishi na kufanya kazi melini na wanahitaji kushuka na kufikia huduma za ustawi wao, matibabu yakiwemo. Tena si utangulizi peke yake. Sehemu A, kifungu cha 16, inautaka mpango wa kila kituo cha bandari uwe na utaratibu wa kurahisisha mabaharia kushuka nchi kavu na kubadilishana zamu, na wa kuruhusu wageni kupanda melini, wakiwemo wawakilishi wa vyama vya wafanyakazi na wa taasisi za ustawi wa mabaharia. Ni sharti la lazima. Kituo kisicho na utaratibu huo kina mpango wenye upungufu, na kinachomzuia baharia kwa jina la ISPS kinaivunja ISPS yenyewe.

Mikataba mingine inakaza uzi huohuo. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014 na Tanzania 2019, unasema baharia apewe ruhusa ya kushuka kwa ajili ya afya na ustawi wake, ilimradi kazi za meli zinaruhusu. Mkataba wa FAL wa 1965, wa kurahisisha usafiri wa baharini, unaweka kiwango kwamba baharia asidaiwe viza kwa ajili ya kushuka tu wakati meli yake iko bandarini. Zipo nchi zilizotangaza kutokifuata kiwango hicho, Marekani ikiwa mojawapo. Lakini Marekani hiyohiyo, mwaka 2019, ilitoa kanuni inayovitaka vituo vyake vimpitishe baharia kutoka melini hadi getini bila kumtoza hata senti.

Yapo mazingira halali ya kuzuia. Ngazi ya 3 inaweza kufunga kila kitu. Uhamiaji wanaweza kuwa na sababu mahususi kuhusu mtu mahususi. Kutembea kwa miguu katikati ya mashine za makontena kunaweza kukatazwa kwa usalama, lakini dawa yake ni gari la kuwapeleka mabaharia getini. Kuwafungia melini si dawa.

Ukizuiwa, mwombe afisa ulinzi wa meli amwandikie afisa ulinzi wa kituo, aeleze jina la aliyezuia, saa na sababu iliyotolewa. Wakala wa meli apewe nakala. Mombasa na Dar es Salaam kuna vituo vya Mission to Seafarers, shirika la Kikristo linalowahudumia mabaharia, na chama cha mabaharia kinaweza kulipeleka suala kwa mamlaka. Mtu aliyekaa melini miezi tisa, anayeziona taa za Kilindini au Kurasini kwa macho yake, anastahili jibu la maandishi. Neno moja la mlinzi wa geti halitoshi.

Wazamiaji nao wanahusikaje na sheria hii?

Wanahusika sana. Mzamiaji akiingia melini maana yake ulinzi umeshindwa mahali fulani: uzio, geti, ngazi, kamba za kufungia meli au kontena. Leo ameingia kijana anayetafuta maisha, kesho kwa njia ileile anaingia mtu mwenye bomu. Ndiyo maana bandari inayotoa wazamiaji kila mara hupata sifa mbaya, na ndiyo maana meli husakwa kabla ya kung'oa nanga.

Kwa vijana wetu wanaofikiria kuzamia nasema wazi: mahali pa kujificha melini ni mahali pa kufia. Shehena za nafaka na mbao hupigwa dawa ya wadudu yenye gesi inayoua mtu kwenye shimo la meli. Kontena hufungwa na halifunguliwi kwa wiki kadhaa. Novemba 2022 vijana watatu walikutwa visiwa vya Canary wamekaa juu ya usukani wa meli ya mafuta Alithini II, nje kabisa, miguu karibu na maji, baada ya siku 11 kutoka Lagos. Walifika hai. Usipange maisha yako kwa kuwatazama hao.

Kwa nahodha na wafanyakazi wake: mzamiaji akigunduliwa ni mtu, na sheria inamlinda. FAL inataka atendewe kiutu, apewe chakula, malazi na matibabu, na asifanyishwe kazi isipokuwa kwa dharura au kwa mambo ya malazi na chakula chake mwenyewe. Kampuni, bandari aliyopandia na bandari inayofuata zijulishwe. Anayemtupa baharini, au kumshusha kwenye chelezo cha mapipa, ametenda jinai, na kama mtu amekufa ni mauaji, hata kama kampuni ilimtishia nahodha kumkata gharama.

Wezi waliopanda meli nangani ni maharamia?

Kisheria, hapana. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 101, unaufunga uharamia kwa masharti: kitendo cha nguvu au uporaji, kwa manufaa binafsi, kinachofanywa na watu wa chombo kimoja dhidi ya kingine, nje ya maji ya nchi yoyote. Maji ya nchi yanaishia maili 12 za baharini. Wanaopanda meli usiku kwenye nanga ya Dar es Salaam na kuiba kamba na rangi ni wanyang'anyi, na ni kesi ya polisi wanamaji na mahakama za Tanzania.

Tofauti hii ina uzito. Haramia wa bahari kuu anaweza kukamatwa na manowari ya nchi yoyote na kushtakiwa na nchi iliyomkamata. Mwizi wa ndani ya maili 12 ni wa nchi husika peke yake, ndiyo maana mwaka 2008 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililazimika kupitisha azimio 1816 kuruhusu majeshi kuingia maji ya Somalia, kwa ridhaa ya serikali yake ya mpito.

Kenya ilipata wapi mamlaka ya kuwafunga maharamia wa Kisomali?

Kesi hii inastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa sheria wa pwani. Meli zilizotekwa zilikuwa zikija kwetu: Faina, iliyotekwa Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33, ilikuwa njiani kwenda Mombasa, na Maersk Alabama, Aprili 2009, vilevile. Nchi zenye manowari zilikamata washukiwa, zikawaleta Kenya kwa makubaliano. Mwaka 2010 mahakama maalumu ilifunguliwa katika gereza la Shimo la Tewa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa.

Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema: simameni. Kwa washukiwa waliokamatwa Ghuba ya Aden, mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya kitendo kilichofanyika nje ya Kenya. Kesi nyingi zikawa hewani. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo na kusema uharamia ni kosa dhidi ya mataifa yote, na nchi yoyote inaweza kuusikiliza. Sheria ya Meli za Biashara ya Kenya ya 2009 ilikuwa tayari na vifungu vyake vya uharamia, na leo msingi huo haujatikisika.

Nadhani Mahakama ya Rufani ilifika pahali sahihi, lakini swali la Mahakama Kuu halikuwa la kipuuzi. Mtu hafungwi kwa sababu tu dunia imemchukia. Anafungwa kwa sababu kuna kifungu.

Uharamia si umekwisha?

Ulipungua sana baada ya 2012, na tarehe 1 Januari 2023 vyama vya wenye meli viliondoa rasmi eneo la hatari kubwa la Bahari ya Hindi. Kabla mwaka haujaisha, Desemba 2023, maharamia waliiteka meli ya Ruen, na jeshi la wanamaji la India likaikomboa Machi 2024. Machi hiyohiyo meli ya Bangladesh, Abdullah, iliyotoka Maputo na makaa ya mawe, ilitekwa na kuachiwa mwezi mmoja baadaye. Kwa hiyo Mwenendo wa Djibouti wa 2009, yaani makubaliano ya nchi za eneo hili ya kupambana na uharamia, ambao Kenya na Tanzania zimo, bado una kazi. Uliongezwa nguvu Jeddah mwaka 2017 ili uguse pia dawa za kulevya, biashara ya watu na uvuvi haramu.

Meli inaweza kuja bandarini na walinzi wenye bunduki?

Hilo huamuliwa na sheria mbili kwa pamoja: ya nchi ya bendera na ya nchi yenye bandari. Ruhusa ya bendera haitoshi. Silaha ambazo hazikutangazwa na kupewa kibali kabla ya kuingia maji ya nchi zitawafikisha nahodha na walinzi mahakamani. Wakala aulize mapema, na apate jibu kwa maandishi.

Ni kweli kuna kitufe cha siri melini?

Kweli. Meli zinazohusika lazima ziwe na mfumo wa tahadhari unaobonyezwa kutoka angalau sehemu mbili, mojawapo ikiwa briji, chumba cha kuongozea meli. Ukibonyezwa haulii, wala hauzitahadharishi meli za jirani. Ujumbe unaenda nchi kavu, kwa mamlaka iliyoteuliwa na nchi ya bendera, ukitaja meli na mahali ilipo. Haifai kwa baharia kutangaza vilipo vitufe hivyo, wala kupiga picha briji na kuzirusha mitandaoni.

Mimi ni dereva au wakala wa forodha. Nifanye nini nisipate usumbufu?

Beba kitambulisho halisi na kibali cha siku hiyo, chenye namba ya gari unaloendesha. Usimpakie mtu asiye kwenye kibali, hata awe mdogo wako. Kagua sili ya kontena mbele ya karani na uandike namba yake. Sili iliyovunjika ukiwa njiani ni lawama yako hadi uthibitishe vinginevyo. Ukiona begi lisilo na mwenyewe au mtu anayezurura karibu na uzio, toa taarifa. Na mlinzi akikudai "chai" ili akupitishe bila kukagua, jua kwamba kwa bei hiyohiyo atampitisha mwingine.

Uhalifu wa kompyuta nao umo?

Umo. IMO ilipitisha azimio Juni 2017 kwamba kampuni za meli ziingize hatari za kimtandao katika mifumo yao ya usalama, kuanzia ukaguzi wa kwanza wa mwaka baada ya 1 Januari 2021. Mwezi huohuo wa Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliiangusha mifumo ya kampuni ya meli ya Maersk duniani kote, na Julai 2021 bandari za Afrika Kusini, Durban ikiwemo, zilikwama baada ya Transnet, kampuni inayoziendesha, kushambuliwa. Orodha ya makontena ikifutika, uzio mrefu hausaidii kitu.

Mwanangu anataka kazi ya meli. Asome nini cha ulinzi?

Kwa STCW, mkataba wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, kama ulivyorekebishwa Manila mwaka 2010, kuna daraja tatu. Kila baharia anapata mafunzo ya uelewa wa ulinzi. Aliyepangiwa majukumu ya ulinzi, kama kulinda ngazi au kukagua, anaongeza kozi ya majukumu hayo. Anayetaka kuwa afisa ulinzi wa meli anasomea cheti chake, na lazima awe na uzoefu wa baharini. Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) na Bandari Maritime Academy ya Mombasa ni mahali pa kuanzia kuuliza.

Akishapanda, mafunzo hayaishi. Melini mazoezi ya ulinzi hufanywa angalau kila miezi mitatu, na zaidi ya robo ya wafanyakazi wakibadilishwa kwa mpigo na kuletwa watu ambao hawajafanya zoezi kwenye meli hiyo kwa miezi mitatu, zoezi lifanyike ndani ya wiki moja. Ahakikishe jina lake limo kwenye daftari la mazoezi kila mara, kwa sababu mkaguzi akipanda ataanza na daftari, kisha atamwuliza yeye.